Nyumba Iliyokatazwa Kuguswa

Simu ya Masika, mama mmoja wa Karambi, ilinikuta Kasese, nimeinamia sufuria ya wali wa harusi ya watu, nyuma ya hoteli moja ambayo ua wake umepambwa kwa nyumba ya kizamani. Nasema ya kizamani kwa sababu ndivyo bango lake linavyodai. Kuta zake ni za saruji iliyotiwa rangi ya udongo, nyufa zimechorwa kwa brashi, na nyasi za paani ni za plastiki. Mvua ikinyesha zinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Watalii wakishuka mlimani wanapiga picha pale mlangoni kabla ya kwenda kuoga. Bango linawaambia kwamba katika nyumba za namna hiyo ndimo walimolala wachuuzi wa chumvi hapo kale. Masika hakunisalimu. Alisema tu, "Kabugho, mama ametuacha. Kavira amekwenda." Nilifunika sufuria, nikamwachia mwenzangu mwiko, nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha ile nyumba ya uongo, maana ndicho kilichokuwa karibu, nikalia mpaka mlinzi alipokuja kuniambia kwa adabu kwamba pale hapakaliwi.

Mama Kavira hakunizaa. Habari za kwetu nitaziacha, hazina jipya. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule imenishinda, na nimeingia biashara ya samaki wakavu: nawachukua Katwe, nawauza Bwera siku za soko, Jumanne na Ijumaa, kwa Wakongo wanaovuka mto asubuhi na kurudi jioni. Nilihitaji pa kulala, nikaelekezwa kwa mjane wa Kinande aliyekuwa akipika na kulaza wageni karibu na soko. Alikuwa amevuka kutoka upande wa Butembo akiwa bado msichana, wakati wa vita vya kwao vya zamani, si hivi vya sasa. Kwao vita havijawahi kuwa vya aina moja. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanusa, akasema, "Wee mutoto, unanuka samaki kuliko samaki yenyewe. Ingia. Hapa kila mutu iko na harufu yake." Nilidhani nitakaa wiki mbili nikitafuta pengine penye mlango wa kufungika vizuri. Nikakaa mwaka mzima, na mapishi yote yanayonilisha leo niliyajulia mle ndani.

Ilikuwa nyumba ndefu ya miti na udongo, paa la nyasi limeshuka hadi usawa wa kifua, hata mtu mwenye kiburi alilazimika kuinama akiingia. Vyumba vinne vilipangana vikitazama baraza moja. Katikati palikuwa na jiko lisilo na dari, na moshi wake ulitembea chini ya nyasi za nyumba nzima kabla ya kupata njia ya kutoka, kwa hiyo sote tulinuka moshi, hata nguo za kanisani. Watu wazima wa Bwera walisema humo ndimo walimolala wabeba chumvi wa Katwe wakielekea Kongo, tangu enzi ambazo mpaka haukuwa mpaka, ni mto tu wa kunawia miguu. Nguzo za baraza zilikuwa laini kwa sababu ya migongo ya watu waliokuwa wakizitegemea baada ya kutua mizigo. Mimi sikuyajali hayo. Nilichojali ni kwamba chumba changu kilikuwa na ubaridi mchana jua likiwaka, na joto usiku upepo wa mlimani ukishuka, jambo ambalo nyumba yangu ya sasa ya matofali na mabati haijawahi kulifanya hata siku moja.

Chakula chake ndicho kilichokuwa jina lake. Alikuwa akisonga ugali wa muhogo mpaka unavutika, akiutua mbele ya wageni pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa asubuhi ile ile na kuungwa kwa mawese, na makayabu, samaki wa chumvi aliyemwosha mara nyingi hadi samaki akakubali kuwa samaki tena. Wachuuzi walikula barazani wakisemezana kwa lugha tatu, na mimi nikiwa jikoni nilijua bei ya kahawa ya Butembo, mke wa nani amehama Nyakiyumbu, na padri gani anapenda pombe, bila kuuliza swali hata moja. Mama Kavira alikuwa na mdomo. Mgeni akisifu chakula alimwambia, "Sifa haijazi chungu, ongeza kuni." Akikaa kimya alimwuliza kama amefiwa. Lakini alikuwa na wakati wake wa kukaa kimya, alasiri, akimenya muhogo, na ni katika wakati huo aliponieleza habari ya nyumba.

Kiwanja hakikuwa chake. Kilikuwa cha mzee mmoja Mkonzo, mwenyeji wa pale, aliyempokea alipovuka mto hana kitu, na mzee huyo, siku chache kabla ya kufa, aliketi pale barazani baada ya kula, akawaita majirani na watoto wake wasikie. Alisema: huyu mama akae humu mpaka nyumba ianguke yenyewe. Akifa nyumba imesimama, azikwe nyuma yake, migombani, kama mtu wetu. Nyumba ikitangulia, kiwanja kirudi kwa watoto wangu. Hakuna aliyeandika, na hakuna aliyeona haja ya kuandika. Kwetu neno lililosemwa juu ya chakula mbele ya watu ni zito kuliko mhuri. "Miye na hii nyumba tuko nashindana, mutoto wangu," Mama Kavira aliniambia, kisu hakisimami mkononi. "Kama miye nakufa mbele, nimeshinda. Banizike pale mu migomba, nipumuzike. Kama yeye njo anaanguka mbele, nitaenda wapi? Kule ng'ambo hata shamba ya baba yangu sijui iko na nani. Mutu mwenye hana kaburi yake, hana kwake." Nilicheka, kwa sababu alisema kwa kunitania, na kwa sababu katika umri ule niliona kifo ni shughuli ya watu wengine.

Sasa nyumba ya udongo haisimami kwa kupenda. Kila kiangazi, kabla mvua hazijarudi, wanawake walikuja kuikandika. Walitoka Nyakiyumbu na Karambi, na mkubwa wao alikuwa Masika, jirani na rafiki yake, mwenye shamba la kahawa huko Karambi na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Udongo ulitoka kinamasini, ukachanganywa na mavi ya ng'ombe, majivu na nyasi zilizokatwakatwa, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukaacha kunata. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha ukuta, wala hakukubali mwingine akiguse. Mimi nilipewa ukuta wa chumba changu, na Masika alinibomolea kazi yangu mara mbili akisema nimepaka kama mtu anayejipaka mafuta. Mama Kavira mwenyewe alimwagia miguu ya nguzo maji makali ya chumvi ya Katwe ili mchwa wasahau njia. Mazungumzo ya siku ile siwezi kuyaandika yote. Wanawake wakiwa na udongo mpaka viwikoni husema ukweli kuhusu waume zao, na mwanamume aliyepita njiani akasalimia alijibiwa kwa kicheko ambacho hakukiuliza sababu. Jioni tulikula, ukuta ukiwa bado na unyevu, na nyumba ikanukia kama shamba baada ya manyunyu. Nilikuwa na furaha siku ile. Sikujua kwamba ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa nyumba ile kupakwa.

Bwera ilikuwa inakua. Barabara ilikuwa inapimwa, maduka ya matofali yanapanda moja baada ya jingine, na watu wenye uwezo walikuwa wakimfuata Bwambale, mtoto wa yule mzee, wakimwonyesha kiwanja kile kilivyokaa vizuri karibu na soko. Bwambale hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba dogo huko Kitswamba, na kila akipita alisimama kuitazama nyumba kwa muda, akasalimia, akakubali kikombe cha chai, akaenda zake. Mama Kavira alimsindikiza kwa macho. "Iko anaangalia kama paa inapinda," alisema. Tangu hapo nami nikawa naliangalia paa.

Ndipo akaja yule kijana wa utamaduni. Alitoka ofisi moja Kasese, sitaitaja, na jina lake pia nitaliacha, maana bado yuko hai na naamini jambo hili bado linamuuma. Alikuwa na kamera shingoni na viatu visivyojua matope. Alikuja kula tu, akala sahani mbili, akasimama, akazishika zile nguzo za baraza, akauliza nani alilala humu. Mama Kavira alimweleza ya wabeba chumvi. Macho ya kijana yalijaa maji, na sikutarajia hilo kwa mtu wa ofisi. Alirudi wiki iliyofuata na wakubwa wake na bango. Nilikuwa jikoni nikisikia kila neno. "Nyabo," alimwambia, kwa heshima ya Kiganda aliyokuja nayo, "hii nyumba ni historia yetu. Watalii naenda kwa mbuga, naenda kwa mlima, watasimama hapa kwanza. Kuanzia leo hakuna mtu atagusa hii nyumba."

"Hata Bwambale?"

"Hata Bwambale."

"Na njia, kama banapanua?"

"Barabara itapita kando."

Mama Kavira aliweka chini sinia, akafunga kitambaa chake upya kichwani, akacheza. Alicheza pale barazani, mwanamke mzima mwenye goti bovu, na wachuuzi wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Mimi nilijua. Alikuwa amesikia kwamba mashindano yamekwisha na yeye ameshinda; serikali itaishikilia nyumba isianguke mpaka yeye afe. Yaliyofuata aliyasikia kwa sikio la mtu anayecheza. Kijana alieleza kwamba hata mwenyeji asiiguse. Asipake udongo mpya, kwa sababu atakuja mtaalamu kutoka Kampala kuzichunguza tabaka za zamani. Moto uhamie nje, nyasi zisije zikashika. Na yale maji ya chumvi yaachwe kwanza, mtaalamu aseme. Wote waliitikia kwa kichwa, na Masika akiwemo. Nani angebisha? Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye gari kuja pale kuisifu nyumba badala ya kuuliza inabomolewa lini. Wanawake waliokuwa wakiona aibu kwamba bado wanajua kukandika walijiona watu, na wakarudi makwao wakisema ukuta wao umeandikwa serikalini.

Miezi michache ile ilikuwa mizuri, siwezi kudanganya. Kamba ilizungushwa kando ya kuta, wageni weupe wakaja kwa magari yao marefu, wakainama mlangoni, wakatoka wakipepesa macho. Mama Kavira alivaa kitenge chake cha Pasaka hata siku za kazi. Bwambale alipopita, Mama Kavira alimwita kabla hajasalimia. "Umesoma bango? Sasa iko ya serkali!" Bwambale akasema, "Nimesoma, mama. Ni vizuri," akanywa chai yake, na nilimwona amekunja uso kama mtu anayetafuna punje ya mchanga. Tulipikia nje, chini ya kipenu cha mabati. Vyumba vikaacha kunuka moshi. Nilisuka nywele nikalala, na asubuhi nikakuta mdudu ameangukia mto wangu wa kulalia kutoka kwenye nyasi, mweupe na mnene. Nikamwonyesha Mama Kavira. Akamtupa nje akasema yule mtaalamu anakuja.

Mtaalamu hakuja. Kijana wa utamaduni alituma salamu na kila aliyetoka Kasese: wiki ijayo, mwezi ujao, gari limeharibika, mkubwa amesafiri. Najua leo kwamba hakuwa akidanganya, yeye pia alikuwa akidanganywa. Mvua za Agosti zikaanza. Paa lililokuwa limekauka kwa moshi miaka yote likaanza kuoza katikati, na maji yakatafuta kuta. Ufa ulianza kwenye chumba cha mwisho, mwembamba kama uzi. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliyekaa mwezi mzima nikiutazama ufa ule ukipanuka, nimekatazwa kuuziba, sijawahi tena kuisikia methali hiyo bila hasira kunipanda. Nilikuwa nikipitisha kidole humo kila asubuhi. Mwanzoni ukucha ulikwama, baadaye kidole chote kikaingia.

Asubuhi moja mvua imepumzika, Masika alitokea na wanawake wenzake, udongo tayari kwenye mabeseni. Alikuwa ameukanyagia njiani nyuma ya shule, ili asionekane. "Kavira, wewe iko na macho?" alisema. "Ukuta nalia. Tutapaka huko nyuma tu, kidogo, nani ataona?"

Mama Kavira alisimama mbele ya kamba. "Rudisha, dada yangu."

"Mimi napaka ukuta wangu! Hii kipande ni yangu tangu niolewe."

"Ile muzee wa Kampala ataona. Banasema iko na mashini inajua udongo ya jana na udongo ya zamani."

"Aone! Ataniua?"

"Wewe hapana," Mama Kavira alisema, na sauti yake ilishuka, utani wote ukamtoka. "Wewe iko mutoto ya hapa. Ukivunja sheria, banakugombeza, unarudi Karambi, unakula. Miye nikivunja, bananivusha mutoni. Miaka yote hapa sijagusa kitu mwenye banasema usiguse. Njo vile nimeishi, Masika. Njo vile tu."

Nilimsubiri Masika amsukume kando, na nadhani naye alijisubiri. Lakini unamsukumaje mwenye nyumba mbele ya nyumba yake? Aliinamia beseni lake, akachota udongo kiganjani, akautazama, akaurudisha. Wakaondoka nao juu ya vichwa vyao, na mvua ikawapata kabla hawajafika kwenye daraja. Huyo ndiye mkimbizi. Mwenyeji akiambiwa usiguse, husikia ushauri, na mkimbizi husikia mlango ukifungwa. Nimeishi na watu wa ofisi za urithi tangu siku hizo, nimewapikia semina zao, ni watu wazuri wanaopenda vitu vya kale kuliko wengi wetu, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akiuliza mwenye kulala humo anaogopa nini.

Ilianguka Ijumaa, mchana, soko limejaa. Nilikuwa na samaki wangu upande wa pili wa njia nikamwona mchuuzi mmoja barazani akisimama na sahani yake mkononi, akiangalia nyuma. Wenzake wakasimama. Walitoka mmoja mmoja bila kukimbia, wa mwisho akimshika Mama Kavira mkono, na ukuta wa chumba cha mwisho ukakaa chini, polepole, kama mtu mzito anayetafuta kiti. Paa likaufuata. Kisha vumbi la nyasi zilizooza likavuka njia hadi kwenye samaki wangu. Hakuna aliyeumia. Nguzo mbili za baraza zilibaki zimesimama, na bango. Mama Kavira hakupiga ukemi. Aliuliza kama kila mtu amemaliza kula.

Bwambale alifika kabla jua halijashuka. Watu walikuwa wamezunguka, na katekista wa parokia alikuwa amekwisha kumwinamia Mama Kavira sikioni akimwambia abishe, aende kwa viongozi, aseme serikali ndiyo iliyomzuia, na kosa si lake. Masika alikuwa akisema hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi. Bwambale alivua kofia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kwenye msiba ambao alikuwa ameutamani, na sasa anaona haya.

"Mama, pole," alisema. "Mimi hapana furahi."

"Najua, mutoto wangu."

"Lakini neno ya mzee..."

"Ninajua neno ya muzee. Nilikuwa hapo. Wewe ulikuwa nalala ku mapaja ya mama yako." Alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge. "Alisema mpaka ianguke. Imeanguka."

"Serikali ilikataza!" Masika alilia. "Kavira, sema! Sema serikali ilikataza!"

"Serkali haikukuwa kwa ile mazungumuzo," Mama Kavira alisema. "Tulikuwa siye na muzee, na chakula. Nilikula ile chakula, Masika. Sitaitapika leo."

Nilimchukia kwa kusema vile. Nilikuwa mdogo, nilitaka apige kelele, nilitaka Bwambale atukanwe mpaka arudi Kitswamba. Leo ninaelewa zaidi, lakini kuelewa hakujaniponya. Alikuwa hana karatasi, hana ukoo, hana upande wa mto. Alichokuwa nacho ni neno lile tu, na mtu hawezi kulishika neno upande unaompendeza na kuuachia ule mwingine. Bwambale alimpa muda wote aliotaka. Mama Kavira alichukua siku za kutosha kuchambua vyungu vizima na vilivyovunjika, akahamia kwa Masika Karambi, kwenye chumba cha kahawa.

Mtaalamu alikuja. Ilikuwa wiki mbili baadaye, na kiwanja kimeshafyekwa. Yule kijana wa utamaduni alitelemka garini, akatembea mpaka kwenye bango, akalishika kwa mikono miwili, akalia mbele ya mkubwa wake na mbele ya vijana wa soko waliokuwa wakicheka. Mtaalamu alipiga picha za nguzo mbili. Nilikwenda Karambi kumwambia Mama Kavira, nikidhani atalaani. Aliuliza kama wamekula. Nilimjibu kwa hasira kwamba sijui na sitaki kujua. Akanituma niwaite, akasonga ugali, akachinja kuku wa Masika bila kumwuliza Masika, na yule kijana akala akitazama sahani, machozi yakimdondokea. "Kula," alimwambia. "Wewe uliipenda nyumba yangu. Batu wengi banaipita tu." Kisha akatoka nje, nami nikamfuata, nikamkuta ameegemea mti wa kahawa. Alisema, "Kabugho, nimeshindwa," na hapo ndipo alipolia, mara moja tu kwa mwaka ule, na mimi nikamshika.

Mwaka ukaisha, nikahamia Kasese nikafuata mapishi. Kiwanjani palipanda ghorofa: maduka chini, vyumba vya wageni juu, nyuma uwanja wa magari. Sina ugomvi na ghorofa. Watu wa Bwera walihitaji maduka, watoto wa Bwambale walisoma, na mimi mwenyewe ninakula kwa mgongo wa mahoteli. Mji usiokua unakufa, hilo nalijua. Ninachokililia ni kwamba nyumba ile haikuuawa na waliotaka ghorofa. Bwambale alisubiri kwa adabu miaka yote ile na asingeigusa. Iliuawa na mapenzi ya watu walioistaajabia, na utii wa mwanamke aliyeihitaji, na sioni nimlaumu nani nikapata usingizi.

Tulimzika Jumamosi. Nilifika Bwera nimejipanga. Njia nzima kutoka Kasese nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia Bwambale: kwamba wote wawili wameshakwenda sasa, nyumba na mwenye nyumba, na mashindano yale hayana tena mtu wa kuyashindania, basi ampe mahali pa kulala. Nilimkuta amekaa peke yake mwisho wa benchi nje ya kanisa. Amezeeka. Sikuwahi hata kuanza.

"Mwanangu Kabugho," alisema, "mimi nilitaka alale pale. Baba angetaka. Jana nilichukua vijana na jembe, tulizunguka kiwanja yote, mbele, nyuma, kando ya choo." Alifungua viganja vyake akavitazama. "Ni saruji yote. Hakuna pahali jembe inaingia."

Tukamzika makaburi ya parokia, upande wa waliokufa bila ukoo. Kwetu msalaba huandikwa jina na mahali mtu alipotoka, ili anayepita ajue amtolee salamu nani. Fundi wa misalaba alikuwa na brashi tayari, rangi nyeusi ikidondoka kwenye nyasi. Aliandika Kavira, akainua uso kutuuliza: wa wapi? Katekista alinitazama, mimi nikamtazama Bwambale, Bwambale akatazama chini. Fundi alisubiri. Upepo ulikuwa unaikausha rangi.

"Andika jina tu," Masika alisema.